Mlima Tulioshindwa Kuuchora



Wapendwa wasomaji, juma hili hatutaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na picha. Wote waliowahi kufika ofisini kwetu kuandikisha ubatizo au ndoa wameiona: picha ndogo ya rangi za maji, iliyowekwa kwenye fremu ya mninga juu ya kabati la madaftari. Ina mlima wenye kilele cheupe, mti wa mgunga uliotandaza matawi kama mwavuli, na twiga mmoja ambaye shingo yake ilitushinda. Wengi huisifu. Mama mmoja wa WAWATA aliwahi kutuuliza kama tulipewa na wafadhili. Hatukupewa na mtu. Tuliichora wenyewe nchini Italia, mwezi Agosti mwaka 2014, na tumeitundika pale ili ituaibishe kila tunapoinua macho kutoka kwenye daftari.

Tunaisimulia leo kwa sababu Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, Halmashauri ya Walei itakaa kuamua juu ya Njia ya Msalaba ya kanisa letu. Kama mjuavyo, picha za zamani zimekwisha. Unyevu wa masika umezila pembeni, mchwa wamemaliza kituo cha tisa na cha kumi, na katika kituo cha sita Veronika amebaki ameshika kitambaa kisicho na uso. Kamati ya ujenzi imependekeza tuagize kutoka nje seti nzima ya picha kumi na nne zilizochapwa kiwandani, zenye fremu za rangi ya dhahabu, na michango imekwisha kuanza katika jumuiya. Sisi tunapinga pendekezo hilo. Ni haki yenu kujua tunapinga kwa nini kabla hatujaonana kikaoni, na sababu yenyewe imo ndani ya ile picha yenye twiga.

Mwaka ule tulikuwa masomoni Roma. Mapadre wanafunzi wanaotoka Afrika na Asia wana kawaida ya kutumia likizo ya kiangazi katika parokia za Italia, wakishika nafasi za maparoko wanaokwenda kupumzika. Parokia hupata Misa. Padre hupata malazi, chakula, Kiitaliano kilichonyooka zaidi na fedha kidogo za kununulia vitabu. Sisi tulipangiwa Spello, mji mdogo wa mkoa wa Umbria, ulio kati ya Assisi na Foligno. Umejengwa ubavuni mwa Mlima Subasio, mlima ule ule ambao Assisi nayo imeuegemea, kwa mawe yenye wekundu hafifu ambayo jioni huonekana kana kwamba yamewashwa kwa ndani. Malango ya mawe yaliyojengwa na Warumi wa kale yangali yanapitisha watu na baiskeli. Uchochoro ni mwembamba kiasi kwamba majirani wanaweza kupeana chumvi kwa dirisha. Lakini nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa. Vijana wamehamia miji mikubwa, na Misa ya asubuhi tuliiadhimisha pamoja na mabibi kumi hivi wenye vipepeo mkononi. Kengele zilikuwa nyingi, watoto wachache.

Katika juma la pili la Agosti, ukumbi wa parokia ulikodishwa kwa warsha ya siku tano ya uchoraji wa rangi za maji. Waliokuja walikuwa wageni watupu, Wajerumani, Waingereza, Waholanzi, wengi wao wastaafu, kila mmoja na kofia ya ukindu na kiti cha kukunja. Tuliulizia ada yake, tukaigeuza kuwa shilingi kichwani, tukanyamaza. Ilitosha kumlipia mwanafunzi wa bweni mwaka mzima na chenji ingebaki. Tulikwisha kuipa warsha hiyo jina moyoni mwetu: mchezo wa watu wasio na shamba la kulima. Bahati mbaya au nzuri, mshiriki mmoja aliugua, akaghairi safari. Mwalimu wa warsha, mama mtu mzima aliyekuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, alitukuta tukifunga mlango wa sakristia. "Padre," alituambia, "kiti kimelipiwa na karatasi ipo. Usipokaa wewe kitakaa bure." Kwa mtoto wa Mbeya, kilicholipiwa hakiachwi. Tulikaa.

Siku ya kwanza hatukugusa rangi. Mama yule alitupanga mbele ya lango moja la mawe, akatukataza hata kutoa penseli, akasema tutazame kwa dakika ishirini. Tulikuwa tumekwisha kupita chini ya lango lile labda mara arobaini. Dakika tano za kwanza tuliona lango. Baada ya hapo tukaanza kuona vitu vingine: mti mdogo uliojiotea kwenye ufa juu ya tao, kivuli ambacho hakikuwa cheusi hata kidogo bali buluu, jiwe moja lililowekwa kichwa chini na fundi aliyechoka. Walipita watu watatu wakatusalimu. Tulijisikia vibaya, kama padre aliyekamatwa akiota jua. Ni kweli kwamba tangu seminari tulifundishwa kutafakari, kukaa kimya mbele ya Neno. Kukaa kimya mbele ya ukuta hatukufundishwa.

Kazi yenyewe ya rangi za maji ina unyenyekevu wake, na inafaa tuieleze kidogo kwa kuwa wengi wenu mnaijua rangi ya mafuta ya kupaka milango tu. Rangi hii ni vumbi la udongo au la madini lililoshikamanishwa kwa gundi ya mgunga, ile inayokusanywa Afrika, hasa Sudan. Hivyo hata Waholanzi wale walikuwa wakipaka vilima vya Umbria kwa utomvu wa mti wa kwetu. Majina ya rangi nyingi ni majina ya udongo: ile ya kahawia iliyoiva huitwa udongo wa Siena, na mama mwalimu alipoikamua kutoka kwenye tyubu tuliona wazi kabisa barabara ya vumbi ya kutoka Iyunga kwenda Iwambi wakati wa kiangazi. Karatasi nayo si ya daftari. Ni nene, ya pamba, na nyingi inatoka Fabriano, mji mwingine wa milimani katika mkoa jirani wa Marche, ambako wametengeneza karatasi tangu karne ya 13. Huko ndiko walikogundua alama ya maji, ile tunayoiinulia noti kwenye mwanga kuhakikisha si bandia. Karatasi nyembamba ukiimwagia maji inajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ile ya Fabriano inavumilia.

Jambo la pili ndilo lililotusumbua usiku. Katika rangi za maji hakuna nyeupe. Vichupa vya nyeupe vipo madukani, lakini mama yule alivipiga marufuku darasani mwake. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka mwanga juu ya paa, lazima uamue mapema mahali ambapo hutagusa, na ukishapagusa hupati tena. Wageni wenzetu walilipokea neno hili kama kanuni ya ufundi. Sisi tulikaa nalo usiku kucha tukihesabu mahali pote tulipokwisha kupagusa katika miaka yetu ya upadre, ambapo pengine tungenyamaza tu. Lakini hilo ni la kuungamia kwingine.

Siku ya nne ndipo ilipotufika. Mvua ya radi ilitufungia ukumbini. Mwalimu akasema, kwa kuwa hatuwezi kutoka, kila mmoja achore kwa kumbukumbu mahali alipokulia, pale anapopaona akifumba macho. Mjerumani mmoja alichora kivuko cha mto na nyumba ya babu yake. Mwingereza alichora uwanja wa nyuma wenye kamba ya nguo. Sisi tulichovya brashi kwa ujasiri, tukachora mlima wenye theluji, mgunga na twiga. Ilichukua dakika arobaini. Wageni walikuja kuitazama wakapiga makofi. "Africa!" walisema. Mama mwalimu hakupiga makofi. Alisimama nyuma yetu, akatuuliza kwa upole ule ambao walimu wa watoto wadogo huwa nao: "Padre, hapa ndipo nyumbani kwenu?"

Wapendwa, hapo hapakuwa nyumbani kwetu. Ile ilikuwa Kilimanjaro, na si Kilimanjaro ya kweli, maana wakati huo tulikuwa tumeuona mlima ule mara moja tu kutoka dirishani mwa basi, bali Kilimanjaro ya kwenye kalenda. Sisi tumezaliwa na kukulia chini ya milima ya Mbeya. Loleza ndiyo iliyotutangulia kuamka kila asubuhi ya utoto wetu. Hatujawahi kuona twiga Iyunga. Tulikiri hivyo. Akatupa karatasi nyingine, akasema: "Basi tuchoree huo wenu."

Tukashindwa. Si kwamba mkono ulikosa ufundi, kwa kuwa mkono ulikosa ufundi hata kwa twiga na haukuona haya. Tulishindwa kwa sababu hatukujua mlima ulivyo. Je, mgongo wa Loleza unashuka kwa ghafla upande wa mjini au kwa upole? Minara ya mawasiliano iko wapi hasa kwenye kilele? Ukisimama stesheni ya TAZARA, Mlima Mbeya uko kushoto kiasi gani, na wingu la asubuhi linakaa wapi kabla halijapanda? Miaka kumi ya utoto, likizo zote za seminari, mwaka mzima wa ushemasi, na hatukuwa na mstari mmoja wa kuweka kwenye karatasi. Jamaa wa Uholanzi waliokuwa na siku nne tu mjini Spello waliijua Subasio kuliko sisi tulivyoijua Loleza. Karatasi ile ilibaki nyeupe, na safari hii weupe haukuwa mwanga. Tuliirudisha ile ya twiga begini, tukarudi nayo Tanzania.

Kesho yake, kabla ya Misa, tuliingia katika kanisa la Santa Maria Maggiore, ambamo mna kikanisa cha pembeni kilichopakwa kuta zote mwaka 1500 na 1501 na mchoraji Bernardino di Betto, aliyeitwa Pinturicchio. Alichora juu ya lipu mbichi, Kupashwa Habari Maria upande mmoja, Kuzaliwa kwa Bwana katikati, na Yesu kati ya waalimu hekaluni upande mwingine. Mtalii hutazama malaika. Sisi, kwa sababu ya aibu ya jana yake, tulitazama nyuma ya malaika. Huko nyuma, kupitia tao, vinaonekana vilima, miti, barabara na mji wenye kuta. Tuliijua nchi ile. Tulikuwa tumeitembea kwa miguu Jumatatu yote tukipeleka Komunyo kwa wagonjwa. Nazareti ya Pinturicchio iko Umbria. Na mjanja yule hakuishia hapo: ametundika picha ya uso wake mwenyewe ukutani mwa nyumba ya Bikira Maria, kana kwamba ni ndugu wa familia.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo tungependa wanahalmashauri walipime. Waitaliano hawakumweka Kristo katika Palestina wasiyoijua. Walimkaribisha katika vilima vyao. Fransisko wa Assisi alifanya vivyo hivyo mwaka 1223 alipoijenga Betlehemu katika pango la Greccio, akatumia ng'ombe na punda wa wanakijiji. Kisha picha zao zikachapwa kwa maelfu, zikapakiwa melini, zikafika kwetu. Nasi tukapiga magoti mbele yake tukidhani kwamba vile vilima vya bluu na miti myembamba iliyochongoka ndiyo nchi takatifu, na kwamba utakatifu una mandhari yake, na mandhari hiyo si hii. Tumesali miaka mia moja mbele ya Umbria na Toscana tukiziita Yudea. Hakuna aliyetudanganya. Tulichukua ukarimu wa watu wengine kwa nyumba yao tukauona kuwa ndiyo kanuni ya nyumba zote.

Tusieleweke vibaya. Wamisionari tunawaheshimu. Pale Tosamaganga, kwenye kilima chake karibu na Iringa, Wakonsolata waliofika mwaka 1919 wakipokea kazi ya Wabenediktini, waliacha majengo ya matofali ambayo hadi leo yanatufundisha kujenga kwa kudumu. Walichora na kujenga walivyojua, kwa mikono yao wenyewe. Sisi tunayetaka kuwaiga tuwaige hapo kwenye mikono, tusiwaige kwa kuagiza.

Wala jambo hili si geni Afrika Mashariki. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, katika miaka ya 1950 alichora michoro mitano mikubwa ukutani mwa kanisa kuu la Waanglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Mau Mau. Kuzaliwa kwa Bwana na mateso yake kumewekwa katika matuta na vibanda vya Kenya ya Kati, katika ardhi ile ile iliyokuwa bado na damu mbichi. Mwenzake wa Makerere, Sam Ntiro, aliyekuwa pia Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, hakuacha kuchora migomba na watu wa kwao. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa mjini New York. Ilifika huko kwa sababu aliijua ndizi. Naye Edward Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli na vipande vya ubao, alifungua njia inayowalisha mafundi wengi hadi leo, ijapokuwa lazima tuseme kwamba soko la watalii limewabana mafundi wengi kwenye twiga na tembo, na twiga wetu wa Spello alikuwa mjukuu wa mbali wa twiga hao. Na nani atasema uchoraji ni kitu cha Wazungu, wakati kule Igeleke, kando ya mji wa Iringa, kuna michoro ya mwambani iliyofanywa na watu wasiojua hata jina la Ulaya? Mama zetu vijijini wanakandika kuta kwa udongo mwekundu na mweupe, wakichora mistari kwa vidole. Hatujawahi kuwaita wachoraji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake, na kwamba sanaa ya kila taifa na kila nchi ipewe nafasi mradi ihudumie ibada kwa heshima. Ruhusa tunayo kwa miaka zaidi ya sitini. Imelala kabatini pamoja na madaftari.

Sasa tuje kwenye hoja za upande wa pili, ambazo si za kupuuza, na aliyezisema kwa nguvu zaidi ni mwenyekiti wetu, mtu tunayemheshimu. Yeye anasema: picha za kiwandani tunajua zitakavyokuwa, lakini mchoraji wa mtaani akiharibu, tutaishi na ubaya huo miaka hamsini. Hilo ni kweli kabisa. Picha mbaya haitakaswi kwa kuchorwa na jirani. Tumeona Mabikira Maria waliochorwa kwa rangi ya lori. Kwa hiyo hatupendekezi kumpa kazi yeyote mwenye brashi. Tunapendekeza mchoraji aliyesomea kazi hiyo, aonyeshe kwanza michoro midogo ya vituo viwili, tuitazame, tuipeleke ofisi ya liturujia ya Jimbo Kuu, na isiporidhisha tuachane kwa amani baada ya kumlipa jasho lake.

Mzee mmoja wa Nzovwe alituuliza jambo zito zaidi: "Baba, mtatuletea Yesu Msafwa?" Tulimjibu kwamba hatujui. Wapo wanaolilia jambo hilo na wapo linalowakwaza, na mchoraji atazungumza na wazee kabla ya kuchora uso. Sisi tunachodai ni kidogo kuliko hicho na pengine ni kigumu zaidi. Tunadai mlima ulio nyuma. Bwana akianguka mara ya tatu, aanguke penye udongo huu mwekundu unaong'ang'ania viatu. Wanawake wa Yerusalemu wasimame kando ya njia kama wasimamavyo mama wauza ndizi Mwanjelwa, na kanga zao. Mtu anayetoka shambani Ijumaa ya Kwaresima akiingia kanisani autambue mteremko.

Kuhusu fedha hatutasema mengi. Kiasi kilichopangwa kwa picha za kuagiza kinatosha kuanzia, ila kitakwenda polepole, kituo kimoja kwa mwezi kwa miezi kumi na minne. Paa la kigango linalovuja litatangulia, tumekwisha kukubaliana, na asiwepo wa kusema Paroko amenunua rangi huku watoto wa katekisimu wakilowa.

Tumebakiza jambo moja ambalo ndilo linalotuuma, na tungeweza kulificha.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, baba mmoja wa parokia hii, fundi mwenye heshima zake, alitujia ofisini akimvuta mwanawe wa kidato cha pili kwa shati. Alitupa mezani daftari la hisabati. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu chache, nyingi zimekosewa. Kurasa za nyuma zilijaa michoro kwa kalamu ya wino: kwaya yetu ikiimba, kila mdomo na umbo lake; mzee wa kengele akisinzia; behewa la mizigo likishushwa; na sisi wenyewe mimbarini, tumbo likiwa limetendewa haki. "Baba Paroko, huyu mtoto anatupotea," alisema yule baba. "Muonye." Kijana alitusalimu, "Shikamoo Baba," kisha akaitazama sakafu. Nasi, tulioketi chini ya picha yenye twiga, tuliofundishwa na mwalimu mstaafu wa Umbria kwa upole wote ule, tulimwonya. Tulimwambia kuchora ni kwa muda wa ziada, na kwamba wachoraji wanakufa maskini. Tukalichukua lile daftari tukalifungia kwenye mtoto wa meza ili lisimpotezee muda. Baba yake alishukuru, akatuachia kuku.

Hatukulifikiria tena hadi Kwaresima, tulipolitoa tukitafuta stempu. Tulilifungua tumesimama. Katika ukurasa wa mwisho kabisa alikuwa amechora Loleza na Mlima Mbeya kutoka upande wa stesheni. Mgongo wa mlima, minara, lile wingu, yote yalikuwa mahali pake. Mistari saba au minane tu, na katikati aliacha karatasi tupu pale ambapo jua la asubuhi hugonga mteremko. Hakuna aliyemfundisha kuacha.

Tumekwenda nyumbani kwao kuomba radhi, kwa baba na kwa mwana, na tunaomba radhi hapa pia, maana hatudhani yeye ni mtoto pekee tuliyemnyang'anya daftari. Baba yake alituuliza swali la haki: atakula nini? Tulimjibu kwamba hesabu ataendelea kusoma, na tumepata mwalimu wa kumsaidia jioni. Lakini pia kwamba mafundi wanaochora mabango, vitabu vya shule, vitenge na makaburi wanakula, na anayeweza kuona kama mwanawe anavyoona hatakosa kazi kirahisi. Hakushawishika sana. Alisema tutaona. Tunamwelewa, hata sisi katika nafasi yake tungesema hivyo.

Kule Spello, katika kuta za ule ukumbi wa warsha, zilining'inia picha za sikukuu yao ya Ekaristi. Usiku wa kuamkia sikukuu, watu wa mji, vinyozi, mafundi bomba, wanafunzi, mabibi, huinama barabarani hadi alfajiri wakipanga petali za maua ziwe picha za Injili, mtaa kwa mtaa, na asubuhi maandamano ya Sakramenti Takatifu hupita juu yake. Hao hawakuwa watalii, na hakuna aliyelipa ada. Tukilinganisha, warsha ya wenye kofia za ukindu ilikuwa kitu kidogo sana, ijapokuwa sisi ndiyo iliyotufumbua macho.

Basi tangu Jumamosi iliyopita tumefungua ukumbi wa parokia saa nane mchana kwa yeyote anayetaka kuchora, mtoto au mzee. Anafundisha mwalimu wa sekondari aliyejitolea. Karatasi ni mabaki tunayopewa na wenye mashine za kuchapa mjini. Si za Fabriano, zinajikunja, lakini tumegundua kwamba ukizibandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi kwanza, zinatulia. Walikuja kumi na mmoja, wakiwemo mama wawili wa WAWATA na mzee wa kengele, aliyetaka kuhakikisha hachorwi tena akiwa amelala. Kijana wetu alichelewa. Alikaa nje kwenye tofali karibu na tangi la maji, daftari magotini, bila kuchora. Tulimuuliza anangoja nini. Akasema, "Wingu bado halijapanda, Baba."

Kikao cha Halmashauri ni Dominika, saa tano kamili, ukumbini. Michoro mitano ya Jumamosi tutaiweka mezani pamoja na orodha ya bei za picha za kuagiza, na ile ya twiga tutaishusha ukutani tuje nayo.